Kiwanda cha chai ni cha wakulima, lakini usemi ni wa nani?

KILA alfajiri katika vilima vya Kericho na Bomet, kabla umande haujakauka, wachumaji huingia katika mashamba madogo ya chai wakiwa wamejifunga nailoni kiunoni na kubeba vikapu mgongoni. Huchuma majani mawili na chipukizi moja. Baadaye mchana mzigo hufikishwa katika kituo cha kununulia majanichai, ambako karani huupima na kutoa risiti, kisha lori huondoka nao kuelekea Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Mogogosiek, Kapkoros, Tirgaga au kiwanda kingine kilicho karibu.

Jina la kituo hicho linapotosha kidogo, kwani hakuna kinachonunuliwa hapo kwa maana ya kawaida ya neno. Mkulima aliyepanga foleni hakutani na mnunuzi. Kwa mujibu wa sheria yeye ni mmoja wa wenye kiwanda, na majani yale ni mchango wake katika biashara iliyo yake. Ndiyo sababu halipwi yote mara moja. Hupokea malipo ya kila mwezi kwa kila kilo, kisha mwaka wa hesabu ukiisha mwishoni mwa Juni, na chai ikiwa imeuzwa na gharama kutolewa, hugawiwa kilichosalia. Malipo hayo ya mwisho ndiyo ambayo kila mtu huko huyaita bonasi.

Mwenye mali angetarajiwa kujua jinsi mali yake inavyoendeshwa. Hata hivyo, wengi wa wenye viwanda hivi husikia kiwango cha bonasi kama vile mtahiniwa asikiavyo matokeo ya mtihani. Oktoba 2025, viwango vilipotangazwa kuwa chini kuliko vya mwaka uliotangulia, wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana barabarani na mbele ya malango ya viwanda. Ukiyatazama kwa makini, maandamano hayo yalikuwa ya ajabu: watu waliandamana dhidi ya kampuni zao wenyewe.

Ili kuelewa jambo hilo, ni lazima kutofautisha vitu viwili ambavyo aghalabu huchukuliwa kuwa kimoja, yaani kumiliki na kuamua.

Tukianzia mbali kidogo, chai ya Kericho haikuanza mikononi mwa wenyeji. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilifungua mashamba makubwa katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa, huku Waafrika wenyewe wakizuiwa kulima zao hilo. Mlango ulifunguliwa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ulioruhusu wakulima Waafrika kupanda mazao ya biashara. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kusimamia mazao hayo maalumu, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA, mamlaka ya serikali iliyowapa wakulima wadogo miche na mbolea, ikawajengea viwanda na kuwauzia chai.

Katika enzi hiyo hakuna aliyejidanganya kuhusu mwenye usukani. Serikali iliamua na mkulima akachuma. Kisha, Juni 2000, KTDA ilibinafsishwa. Viwanda vikawa kampuni ambazo wakulima ndio wenye hisa, na mamlaka ikageuka kuwa wakala wa kuzisimamia kwa mkataba. Herufi zilibaki zile zile nne. Ya mwisho, iliyosimamia neno mamlaka kwa Kiingereza, sasa ikasimamia neno wakala. Ni badiliko dogo sana kwenye kibao cha lango, na pengine ndiyo maana hadi leo wazee wengi huzungumza juu ya KTDA kana kwamba ingali idara ya serikali.

Umiliki wenyewe umepangwa kwa mzunguko. Wakulima zaidi ya 600,000 kote nchini ndio wenye hisa katika kampuni 54 za viwanda. Kampuni hizo ndizo zenye hisa katika kampuni mama ya KTDA. Kampuni mama inamiliki kampuni tanzu, na mojawapo ya hizo ndiyo inayosimamia viwanda. Meneja wa kiwanda huajiriwa na wakala huyo, na ndiye anayetoa maagizo kuhusu ubora wa majani yatakayopokelewa kituoni. Kwa hiyo mkulima yuko juu kabisa kwenye karatasi, na chini kabisa kwenye foleni, katika mnyororo ule ule mmoja.

Mpangilio huo una faida ambazo hazipaswi kupuuzwa. Kiwanda kimoja cha Bomet hakiwezi peke yake kuagiza shehena ya mbolea kutoka ng'ambo kwa bei nafuu, wala kujadiliana na benki kikiwa na nguvu sawa na viwanda vyote pamoja. Kundi lina kampuni ya bima, ya mikopo midogo, ya biashara ya chai na ya kufungasha chai, ambayo ni KETEPA iliyo pale pale Kericho. Zote, ukifuata mnyororo hadi mwisho, ni mali ya wakulima.

Lakini mnyororo mrefu una tabia ya kumeza usemi. Mkulima humchagua mkurugenzi wa kiwanda kutoka eneo lake. Wakurugenzi wa viwanda humtoa mwakilishi wa kanda, na kanda ziko 12 nchini. Mwakilishi huyo huketi katika bodi ya kampuni mama, ambayo inamiliki wakala anayesimamia kiwanda cha yule mkulima. Katika kila daraja sauti hupita katika mdomo wa mtu mwingine. Na anayefika ngazi ya juu hujikuta upande wa pili wa meza: jana alitumwa kumdai wakala, leo ni mmoja wa wenye kumwongoza wakala huyo huyo, na posho yake inatoka huko.

Kuna jambo moja la kiofisi ambalo halikuwahi kuwa na mvuto wa kuimbiwa kwenye maandamano, ingawa lilikuwa na uzito mkubwa. Kabla ya mageuzi ya 2021, katibu wa kampuni wa kundi la KTDA ndiye pia aliyekuwa katibu wa kampuni za viwanda. Katibu ndiye hutayarisha ajenda, hutoa ilani ya mkutano na kuandika kumbukumbu. Bodi ya kiwanda ilipotaka kujadili kama mkataba na wakala uendelee au ukatizwe, karatasi ya kuandikia mjadala huo ilikuwa mikononi mwa mtu wa wakala. Hapahitajiki hila yoyote. Mwenye kupanga ajenda hahitaji kukataa hoja. Anaweza tu kuiweka ya mwisho, baada ya chakula cha mchana.

Hali hii haihusu chai peke yake. Wataalamu wa kompyuta wanaijua vyema kupitia programu huria, ambazo maandishi yake ya ndani huachwa wazi ili yeyote ayasome, ayanakili na kuyarekebisha. Maarufu zaidi ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Kenya nayo ilichangia kwa Ushahidi, programu iliyoundwa mwaka 2008 ili kukusanya na kuonyesha kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi uliozozaniwa, kisha ikatumiwa katika nchi nyingi. Programu za namna hii husemekana kuwa ni za wote. Maelfu ya watu huchangia, wengi bila malipo. Hata hivyo, si kila mchango hupokelewa. Kuna wachache wenye ruhusa ya kuingiza badiliko katika nakala kuu, mithili ya karani wa mizani anayeweza kurudisha majani yaliyokomaa kupita kiasi. Na katika mijadala ya miradi hiyo, aghalabu hushinda yule mwenye muda wa kubaki hadi mwisho, hasa aliyeajiriwa na kampuni kubwa kwa kazi hiyo hiyo, wakati mchangiaji wa kujitolea amekwenda kutafuta riziki.

Mambo ni hayo hayo Konoin na Bureti. Mkutano mkuu wa kila mwaka uko wazi kwa kila mwenye hisa, lakini huhudhuriwa zaidi na mwenye nauli, asiye na ng'ombe wa kukamua wala mtoto mgonjwa, na anayeweza kuisoma hesabu iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu ilhali mazungumzo yanaendelea kwa Kiswahili na Kikipsigis. Asiyekuwapo hajanyimwa kura, ila haimfai kitu.

Wapo pia ambao hawana kura kabisa, na hao ndio wenye mikono iliyo kwenye majani. Kila mkulima hutambuliwa kwa namba yake ya usajili kiwandani, na malipo na hisa hufuata namba hiyo. Katika familia nyingi namba ni ya mume, kwa kuwa shamba limeandikwa kwa jina lake au la marehemu baba yake. Mke huchuma, hubeba, husimama foleni na kukabidhi majani. Risiti hutoka kwa namba ya mume. Fedha huingia katika akaunti ya mume. Na siku ya uchaguzi wa mkurugenzi, anayeitwa ni mume. Mwanamke huyo anaweza kuwa anaujua ubora wa majani, uhodari wa karani na ucheleweshaji wa lori kuliko mtu yeyote kijijini, na maarifa hayo yote yakakosa njia ya kuifikia bodi. Baadhi ya familia zimegawa mistari ya michai ili mke apate namba yake. Pale ambapo ardhi haijagawanywa baada ya kifo cha mwenyewe, hata watoto wa kiume waliokwisha kuwa wazee huchuma kwa namba ya mtu aliyelala kaburini.

Kuhusu kura yenyewe, mabishano ni ya zamani. Je, kila mkulima awe na kura moja, au kura zihesabiwe kwa hisa? Wanaounga mkono hisa husema kwamba aliyewekeza zaidi ndiye atakayeumia zaidi kiwanda kikianguka. Wanaopinga hujibu kwamba kwa njia hiyo wakulima wachache wakubwa wanaweza kuchagua bodi katika eneo lenye maelfu ya watu wenye michai ya kujazia kikapu kimoja. Hoja zote mbili zina mantiki. Tofauti ni kwamba ya kwanza inakichukulia kiwanda kuwa kampuni, na ya pili inakichukulia kuwa ushirika, na kwa kweli kiwanda cha chai cha wakulima wadogo hakijawahi kuamua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Ilikuwa Kericho iliyotoa msukumo wa kubadilisha sheria. Seneta wake, Aaron Cheruiyot, aliwasilisha Mswada wa Chai wa 2018, ambao baada ya mvutano mrefu ulitiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 2020 na kuanza kutumika Januari 2021. Sheria hiyo iliirejesha Bodi ya Chai ya Kenya na kuweka kikomo cha asilimia 1.5 kwa ada ya wakala anayesimamia kiwanda, ikipigiwa hesabu kwa thamani halisi ya mauzo. Awali KTDA ilikuwa ikitoza asilimia 2.5. Baadhi ya vifungu vilipingwa mahakamani, kama ilivyotarajiwa. Machi mwaka huo Rais aliagiza uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda ufanywe, na kufikia Juni wakurugenzi wapya walikuwa wamechukua makao makuu ya KTDA jijini Nairobi. David Ichoho akawa mwenyekiti mahali pa Peter Kanyago, na wakuu wa utendaji wakapewa likizo ya lazima.

Wengi waliyaona hayo kuwa ndiyo mapinduzi. Kilichofuata Julai 2021 kinaonyesha kwamba kubadilisha walioketi mezani hakubadilishi lazima ni nani anayesikika.

Mwezi huo iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 za Marekani kwa kila kilo ya chai ya viwanda vya KTDA katika mnada wa Mombasa. Nia ilikuwa njema, kwani wanunuzi walikuwa wameizoea chai ya bei duni. Lakini sharti lililo sawa kwa wote halikuwaangukia wote sawasawa. Chai ya mashariki ya Bonde la Ufa, kutoka Kirinyaga, Murang'a na jirani zake, kwa kawaida hupata bei ya juu mnadani, hivyo nyingi ilivuka kikomo hicho bila taabu. Chai ya magharibi, yakiwemo maeneo ya Kericho na Bomet, huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Mnunuzi aliyelazimishwa kulipa dola 2.43 kwa yoyote kati ya hizo mbili hakuhitaji kufikiri sana. Chai ya magharibi ikabaki maghalani Mombasa, ikizeeka na kugharimu hela za kuihifadhi, hadi bei hiyo ya chini ilipoondolewa mwaka 2024.

Sababu za tofauti ya bei kati ya pande hizo mbili ni nyingi, zikiwemo tabia ya nchi, uchumaji, uwezo wa viwanda na sifa ambazo wanunuzi wa Pakistan, Misri na Uingereza wamezizoea kwa miaka mingi. Wala mkurugenzi wa kiwanda hawezi kuamuru thamani ya shilingi, ambayo ilipanda mwaka 2024 kutoka takriban 160 kwa dola hadi karibu 130 na hivyo kupunguza kila senti iliyotoka Mombasa. Haya yalichangia hasira ya 2025, na si haki kumbebesha mtu mmoja lawama zake zote. Lakini uamuzi wa bei ya chini ulitoka kwa watu, na madhara yake kwa magharibi yangeweza kukadiriwa na yeyote aliyejua orodha ya bei za mnada. Maghala yakajaa, na sharti likadumu miaka mitatu.

Katika ulimwengu wa programu huria, kundi lisiloridhika lina silaha moja kubwa. Linanakili kazi yote, kila herufi, na kuondoka nayo kwenda kuanzisha mradi wake. Waliobaki hawapungukiwi na chochote, kwani nakala ya kwanza ingalipo. Tishio hilo peke yake huwafanya wenye mradi kuwa wasikivu.

Mkulima wa chai hana silaha hiyo. Hawezi kunakili boila, wala mashine za kukaushia, wala mkopo uliojengea kiwanda. Anachoweza kuondoka nacho ni majani ya siku hiyo tu. Na ndivyo wengi wafanyavyo. Katika Kericho na Bomet kumeenea viwanda vya watu binafsi ambavyo mawakala wake huzunguka vijijini wakilipa papo hapo, wakati mwingine bila kujali sana kama majani ni mawili au manne. Kwa mke asiye na namba, soko hilo lina mvuto wa pekee: fedha huingia mkononi mwake mwenyewe, jioni hiyo hiyo, wakati bonasi itapokewa na mwingine miezi kadhaa baadaye.

Hata hivyo, kuondoka huko hakumtishi anayepaswa kutishika. Mshahara wa meneja haupungui kwa gunia moja lililopotea. Kuni za boila, umeme na riba ya mkopo hubaki vile vile, sasa zikigawanywa kwa kilo chache zaidi, na gharama kwa kila kilo ikapanda. Anayelipa ni jirani aliyebaki mwaminifu kwa kiwanda. Bonasi ya jirani inaposhuka, naye huanza kumtazama wakala wa barabarani kwa jicho jingine. Isitoshe, wanaoondoka kwanza mara nyingi ni wale wenye hasira na ujasiri, ambao mkutano mkuu ungewahitaji zaidi. Kwa namna hiyo kiwanda kinaweza kudhoofika mwaka hadi mwaka bila mkutano wowote kuvurugika.

Ng'ambo ya ua, katika mashamba makubwa, swali hilo hilo limebisha hodi kwa sura nyingine. Kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka ilipoinunua biashara ya chai ya James Finlay nchini Kenya mwaka 2023, ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa zingetengewa ushirika wa wenyeji. Kwa jamii ambayo wazee wake waliondolewa katika ardhi hiyo, tangazo hilo lilikuwa na uzito, na gawio likija litasomesha watoto. Ila chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, azimio maalumu, kama la kubadilisha katiba ya kampuni, hupitishwa kwa asilimia 75 ya kura. Mwenye asilimia 15 anaweza kualikwa, kuketi, kuuliza na kupiga kura ya hapana. Upande wa pili bado utakuwa na asilimia 85.